Aliyelipwa Ili Apotee

Oyoh Rokayah alikuwa na miaka hamsini na sita alipopata kazi ya kupotea. Kabla ya hapo alikuwa mshona viatu. Kwa miaka ishirini na minane alishona Cibaduyut, kusini mwa Bandung, katika karakana ya mzee mmoja aliyeitwa Sarkim. Hakushona kiatu kizima. Pale hapakuwa na mtu wa kiatu kizima. Yeye alishona ngozi ya juu, ile inayofunika vidole, kisha akaisukuma mezani kwa mtu wa soli. Mzee Sarkim alipofariki, watoto wake wakauza kiwanja, na Oyoh akarudi nyumbani na mkasi wake, akawa anakaa barazani akiwasikiliza majogoo wa mumewe.

Mumewe, Engkos, alifuga pelung, wale majogoo warefu ambao watu huwashindanisha kwa kuwika. Aliweza kukaa saa nzima ameinamisha kichwa, anasikiliza kama jogoo amemalizia sauti yake vizuri au ameikatisha. Walikuwa wamebaki na mtoto mmoja tu nyumbani, Nenden, aliyekuwa amechumbiwa na kijana aitwaye Deden. Siku zilikuwa ndefu.

Aliyeleta habari ya kazi ni Wiwin, binti wa mdogo wake Engkos. Wiwin alikuwa akifagia na kuchemsha chai kwenye kampuni ndogo ya simu huko juu Dago.

"Mamkubwa, kuna kazi. Wanatafuta watu wasiojua simu."

"Mimi simu naijua."

"Unajua kupokea."

"Na kukata."

"Basi ndio hao hao wanaowataka. Jumanne nakupitia."

Kampuni iliitwa Sahaja, na simu waliyokuwa wakiitengeneza iliitwa hivyo hivyo, neno lenye maana ya kitu cha kawaida, kisicho na mapambo. Walitaka simu ambayo mtu yeyote angeiweza tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuipeleka madukani, waliitia mikononi mwa watu kama Oyoh wakaangalia watu hao wanapotelea wapi.

Jumanne hiyo walimketisha mbele ya meza nyeupe. Juu ya meza kulikuwa na kamera iliyotazama chini, haioni uso wake, inaona mikono tu. Walikuwepo watu wawili. Mmoja ni Galuh, mkuu wa ubunifu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu mwenye miwani na viatu vya kutumbukiza visivyo na kamba. Wa pili ni Meyske, binti kutoka Manado, fundi wa programu, ambaye alikuwa anacheka kabla hajamaliza sentensi.

"Ibu Oyoh, huu si mtihani," Galuh alimwambia, akimwita Ibu, yaani Mama, kwa heshima. "Tunaipima simu. Wewe hatukupimi."

Oyoh aliitikia kwa kichwa. Maneno ya namna hiyo aliwahi kuyasikia kwenye zahanati, muda mfupi kabla ya sindano.

Waliomba akipige picha kikombe, kisha amtumie dada yake picha hiyo. Oyoh alibonyeza, akapiga picha goti lake. Akabonyeza tena, kioo kikawa cheusi. Akaomba radhi. Walikuwa wanaandika mbiombio. Akabonyeza kwa mara ya tatu, simu ikaanza kumpigia mtu asiyemjua, naye akaiweka chini kama iliyomuunguza, akaomba radhi tena.

"Vizuri sana, Ibu," alisema Galuh, na ilionekana dhahiri kwamba amefurahi.

Oyoh hakuelewa kipi kilikuwa kizuri. Aliporudi nyumbani Engkos alimuuliza kama amefaulu.

"Sijui. Kila nikikosea wanafurahi."

"Basi umefeli."

"Nimefeli vipi na wamenibembeleza nirudi Ijumaa?"

Engkos alifikiri. "Usirudi. Watu wanaofurahia makosa ya mwenzao si watu wazuri."

Lakini alirudi. Alirudi Ijumaa, na Jumanne iliyofuata, na baada ya wiki tatu walinzi wa getini walikuwa wanamjua kwa jina. Alichokuja kukizoea kwanza ni ugomvi wa wale wawili. Waligombana mbele yake bila aibu, kama mume na mke waliosahau kwamba wana mgeni.

"Mtu anataka kumpigia mwanawe, basi," Galuh alikuwa akisema. "Ukimpa milango kumi na minne, atafungua wa chooni."

"Na ukimpa mmoja, siku akitaka kwenda jikoni atapita wapi?"

"Jiko tutamjengea sisi."

"Bila kumuuliza anapika nini," alisema Meyske. "Mtu mzima huyo, Galuh. Simu kanunua. Mpe funguo za nyumba yake."

"Nikimpa funguo ishirini, usiku atalala nje."

Galuh alipozungumza, Oyoh aliona ana haki. Meyske alipojibu, akaona naye ana haki. Aliitikia kwa kichwa kwa huyu na kwa yule, mpaka shingo ikamchoka, na kila mmoja akaamini kwamba Ibu Oyoh yuko upande wake.

Siku moja walipokuwa wanashuka ngazi, kiatu cha Galuh kilimvuka kikabingirika hadi chini. Oyoh alikiokota, akakigeuza, akakibonyeza pembeni kwa kidole gumba.

"Kiatu hiki hakina kamba," alisema. "Mguu ukipungua, utakifanyaje?"

Jumanne iliyofuata alikuta maneno hayo yameandikwa kwenye karatasi kubwa ukutani, na chini yake jina lake. Wale wawili walikuwa wamesimama mbele yake wanabishana. Meyske alisema maana yake ni kwamba kila mtu apewe kamba akaze mwenyewe. Galuh alisema maana yake ni kwamba kiatu kikikatwa vizuri tangu mwanzo, kamba haina kazi. Wakamgeukia mwenye maneno.

"Nilikuwa nasema kiatu chako, Pak Galuh," Oyoh aliwaambia. "Kitakuangusha."

Wakacheka, wakaandika na hayo. Oyoh alikaa kitini akiwa hana hakika kama ameheshimiwa au amechezewa.

Baadaye walimpa simu moja ya majaribio aende nayo nyumbani. Huko hakukuwa na kamera wala kalamu, naye alianza kuibonyeza bila woga, Jumamosi asubuhi, wakati Engkos akiwaogesha majogoo uani. Simu ile ilikuwa bado na ukurasa wa mipangilio, ule ambao Meyske aliupigania: ukubwa wa herufi, sauti, lugha ya kibodi, vitu kumi na vinne kwa jumla. Oyoh alikuza herufi. Kisha akagundua kwa nini simu ilikuwa inambadilishia maneno. Yeye na watu wake waliandikiana Kisunda, lugha ya nyumbani, lakini kibodi ilikuwa ya Kiindonesia, na kila ilipokutana na neno isilolijua ilidhani mtu amekosea, ikamsahihishia. Oyoh alichagua Kisunda, akazima kile kitufe cha kusahihisha. Ilikuwa hatua tatu tu. Alirudia mara nne, kuwasha na kuzima, kwa raha ya kuona kwamba anaweza.

Ijumaa akamsimulia Meyske. Meyske akamkumbatia.

Siku chache baadaye Wiwin alikuja nyumbani kuazima chungu, akakaa zaidi ya ilivyohitajika kwa mtu anayeazima chungu.

"Mamkubwa, usinitaje. Nimemsikia Pak Galuh anasema Ibu Oyoh keshakuwa mjanja. Eti hapotei tena. Wanatafuta mwingine."

"Mwingine wa nini?"

"Wa kupotea."

Oyoh alimpa chungu. Wiwin alipoondoka, alibaki ameshika mfuniko. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kupoteza kazi kwa kuijua. Kwa Sarkim, aliyejua alipewa ngozi nzuri zaidi. Isitoshe, kulikuwa na jambo jingine ambalo asingeweza kumweleza Engkos akaelewa: katika miaka ishirini na minane hakuna mtu aliyewahi kuitazama mikono yake kwa makini kiasi kile, akiwa na hamu ya kujua itakwenda wapi. Sarkim aliitazama ili aone kama inakwenda haraka.

Kwa hiyo Jumanne aliingia chumba cha kamera akiwa ameshaamua.

"Leo tunaomba ubadilishe lugha ya kibodi iwe Kisunda," Galuh alisema.

Hatua tatu. Oyoh aliziona mbele yake kama mtu anavyoona ngazi za nyumba yake. Akanyoosha kidole, akakipitisha mahali pake, akabonyeza pengine. Akaguna. Akarudi nyuma, akabonyeza pengine tena. Alijionea aibu kidogo, lakini haikuwa vigumu. Mtu aliyepotea mara nyingi anajua sura ya kupotea. Ila alipobonyeza mara ya tatu kwa makusudi, ukafunguka ukurasa asioujua, una maandishi madogo na mistari, akabonyeza ili atoke, akaingia ndani zaidi. Jasho likamtoka. Sasa hakuwa anajifanya. Au alikuwa anajifanya bado na jasho lilikuwa sehemu yake? Alibonyeza huku na huku, kisha ghafla akaona Kisunda mbele yake bila kujua amefikaje, akaiacha bila kuigusa.

"Siwezi," alisema.

Meyske alikuwa amekunja uso. "Ibu, lakini juzi si uliniambia umebadilisha mwenyewe nyumbani?"

"Labda ilikuwa bahati."

Galuh alimtazama tu Meyske, na Meyske akatazama dirishani.

Baada ya wiki mbili simu ya Oyoh ilijizima yenyewe ikawaka upya na sura mpya. Ukurasa wa mipangilio haukuwepo. Zilikuwepo picha nne kubwa: Piga, Andika, Kamera, Msaada. Galuh mwenyewe alimwonyesha, kwa furaha ya mtu aliyesafisha nyumba.

"Tazama, Ibu. Hakuna tena pa kupotelea."

"Ahsante," alisema Oyoh, na kweli alishukuru. Ilikuwa nzuri. Hakuna kilichomtisha humo.

Wakati huo harusi ya Nenden ilikuwa imebakiza mwezi na siku chache. Engkos, mbali na majogoo wake, alikuwa amemtengea binti yake kuku watano wa kawaida tangu wakiwa vifaranga, kwa ajili ya karamu, na mmoja akafa. Siku moja mchana Oyoh aliona ni adabu amjulishe mama wa Deden, Ibu Haji Imas, hali ya maandalizi. Akaandika kwa Kisunda: kuku wa Nenden sasa ni wanne, tunangoja siku tu. Kuku kwa Kisunda ni hayam. Simu, ambayo ile sura mpya ilikuwa imeirudisha kwenye Kiindonesia, haikulijua neno hilo. Ilitafuta neno la Kiindonesia lililo karibu nalo, ikapata hamil, yaani mjamzito, ikaliweka, na mengine ikayanyoosha yafuatane. Oyoh hakuwa amevaa miwani. Alibonyeza Tuma.

Jibu halikuja. Kesho yake asubuhi Ibu Haji Imas alikuja mwenyewe, na dada zake wawili, wamevaa nguo za kutokea. Oyoh aliwakaribisha kwa furaha, akaweka chai na keki za wali. Hakuna aliyegusa.

"Oyoh," alianza Ibu Haji, "ni kweli yale uliyoniandikia jana?"

"Kweli tupu, Ibu Haji. Ningekuandikia uongo?"

"Nne?"

"Nne. Ingekuwa tano, lakini mwezi uliopita Mungu hakujalia."

Wale dada wawili walitazamana. Ibu Haji alishika ukingo wa meza.

"Na baba yake anajua?"

"Baba Nenden? Jambo lenyewe si ndio lake. Kalipanga tangu mwanzo."

"Kalipanga."

"Kila asubuhi anakwenda kuangalia. Ana mapenzi na mambo hayo, basi tu."

"Astaghfirullah," alinong'ona dada mmoja.

"Na mwanangu?" aliuliza Ibu Haji, sauti yake ikiwa nyembamba. "Deden ana habari?"

"Alikuja Jumapili akaona kwa macho yake. Akasema ni kazi nzuri, ila wangenenepeshwa kidogo."

Oyoh aliwatazama mmoja mmoja. Alijua kwamba kuna kitu kimeharibika lakini hakujua kiko wapi. Aliangalia keki kama zina nzi, akaangalia kitambaa cha meza. Wakati huo huo Nenden akaingia kutoka sokoni, mkono tumboni kwa sababu alikuwa ametoka kula supu ya nyama bakuli mbili, na wanawake watatu wakamkodolea macho pale mkono ulipokuwa.

"Mnaniangalia nini?" Nenden aliuliza.

Ibu Haji alitoa simu yake mkobani, akaiweka mbele ya Oyoh bila neno. Oyoh alivaa miwani. Akasoma: mimba ya Nenden sasa ni nne, tunangoja siku tu. Akasoma tena. Akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akasoma mara ya tatu, kama vile kosa lilikuwa la miwani.

"Mimi sikuandika hivi," alisema.

"Imetoka kwako."

"Imetoka kwangu lakini sikuiandika. Niliandika kuku." Akainuka. "Baba Nenden. Baba Nenden, walete kuku."

Engkos alitokea na kuku wanne, wawili kila mkono, vichwa chini, hajui anaitiwa nini. Ibu Haji aliwahesabu kwa macho. Mmoja wa dada zake alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Ibu Haji mwenyewe hakucheka siku hiyo. Alikunywa chai yote kwa mkupuo, akasema harusi iko palepale, kisha akamuomba Oyoh kwamba tangu sasa wapigiane.

Walipoondoka, Oyoh alikaa barazani na simu ili azime kile kitufe cha kusahihisha. Alibonyeza Andika. Alibonyeza Kamera. Alibonyeza Msaada, ikamwonyesha video ya kijana anayetabasamu akieleza namna ya kupiga simu. Alibonyeza pembe zote za kioo. Ukurasa aliouzoea haukuwepo popote, naye alikuwa ameshaelewa kabla hajamaliza kutafuta. Walikuwa wameuondoa kwa sababu watu wanapotea humo. Aliyepotea humo, huku kamera inamtazama, ni yeye.

Hakula mchana. Nenden alikuwa bado anacheka jikoni, anamsimulia mwenzake kwa simu, na kila aliposema "wakiwa vichwa chini" Oyoh alihisi uso unamwaka.

Siku iliyofuata alikwenda Dago bila kuitwa. Aliwakuta Galuh na Meyske wanakula tofu ya kukaanga kwenye meza ile ya kamera.

"Siku ile ya kibodi," Oyoh alisema akiwa bado amesimama, "nilijifanya."

"Ulijifanya nini, Ibu?"

"Nimepotea. Njia nilikuwa naijua."

Aliwasimulia yote: maneno ya kwamba wanatafuta mwingine, bila kumtaja Wiwin, na kuku, na Ibu Haji. Kwenye kuku Meyske aliziba mdomo kwa mikono miwili. Galuh hakucheka. Alivua miwani, akaiweka mezani, na bila miwani alionekana mdogo zaidi.

"Mara ngapi?" aliuliza.

"Siku ile tu. Nadhani."

Alifungua kompyuta, akaitafuta video ya mikono ya Oyoh ya siku ile. Wote watatu wakainama. Ilikuwa ajabu kwake kujiona hivyo, mikono bila mwenyewe, inaranda juu ya kioo.

"Hapa?" Galuh aliuliza.

"Hapa najifanya."

"Na hapa?"

"Hapa pia."

"Na hapa, unaporudi nyuma mara mbili?"

Oyoh alitazama. Kidole kilikwenda, kikasita, kikarudi. "Hapa ni kweli. Hapana. Ngoja, irudishe." Galuh aliirudisha. "Nilianza kwa kujifanya, nikaingia mahali nisipopajua, nikapotea kweli. Halafu nikaogopa mkiona nimepotea kweli mtajua kwamba mwanzo nilikuwa najifanya, kwa sababu kupotea kweli na kujifanya havifanani. Nikajifanya nimetulia. Nikapata njia. Nikaiacha."

"Kwa hiyo niandike nini?" Galuh aliuliza. Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza kweli, kisha akajijibu mwenyewe. "Wiki ile walikuja watu wengine tisa. Watano walipotea palepale. Sasa na hao sijui."

"Galuh, hawakujifanya," Meyske alisema.

"Umejuaje?"

Oyoh alikuwa ametazamia kwamba yule binti angefurahi, maana ukurasa ule ulikuwa wake na sasa ilionekana haukustahili kuondolewa. Lakini Meyske alikuwa anachora duara mezani kwa kidole chenye mafuta ya tofu.

"Yule mzee wa Garut mnamkumbuka?" alisema. "Mimi ndiye niliyempa simu yenye ule ukurasa. Akaingia, akaibadilisha ikawa ya Kichina. Wiki nzima hakuweza kumpigia mwanawe, naye mwenyewe alikuwa amevunjika mguu. Alidhani mwanawe amemchukia. Sikuwaambia kwa sababu nilijua utasema nini."

Nje mtu alikuwa anapita akiuza mikate ya kukunja, anapiga kengele.

"Ibu Oyoh," Galuh alianza tena, "tuache kamera. Wewe mwenyewe ungependa nini?"

"Isiguse maneno yangu."

"Hilo tu?"

"Na herufi kubwa. Na nisiweze kuiharibu." Alifikiri. "Lakini siku nikitaka kuiharibu, niiharibu. Si yangu?"

Galuh alikuwa ameshaanza kuandika. Kalamu ikasimama. "Hayo mawili ya mwisho hayakai pamoja."

"Najua," alisema Oyoh. "Ndiyo maana nimewaletea nyie."

Walimwambia aende nyumbani, watampigia. Alishuka kilima bila kujua kama amefukuzwa. Hakuna aliyelitamka neno hilo. Hakuna aliyesema amesamehewa pia. Engkos alipouliza, alimjibu kwamba wamezungumza, na Engkos akaridhika kwa sababu alikuwa na jogoo mwenye mafua.

Harusi ilifanyika, kuku wakaliwa. Ibu Haji Imas mwenyewe ndiye aliyeisimulia hadithi ile mezani, kwa sauti, na kwa chumvi nyingi kuliko ilivyokuwa. Ndipo Oyoh akajua kwamba yamekwisha. Nenden akahamia kwa mumewe. Oyoh akapata kwa jirani kazi ya kushona mikoba, siku mbili kwa wiki, akaanza kuzoea tena kukaa na cherehani.

Meyske alipiga baada ya miezi mitatu. "Ibu, njoo Jumanne. Tuna sura mpya."

"Mimi si nimeshakuwa mjanja? Na mwongo juu yake."

"Njoo hivyohivyo. Sisi wenyewe hatujui tumefanya nini."

Alikwenda. Meza ileile, kamera ileile. Galuh alimwekea simu mbele yake, akamwambia aiwashe kama ndiyo kwanza ametoka kuinunua. Picha nne hazikuonekana kwanza. Lilikuja swali moja, kwa herufi kubwa: Nyumbani kwako mnazungumza lugha gani? Chagua moja au zaidi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ulikuwepo tena ukurasa wa mipangilio, lakini ukiubonyeza ulikuuliza kama kweli unataka kuingia.

Swali lilionekana jepesi. Oyoh alinyoosha kidole akasita.

"Tatizo nini, Ibu?" Meyske aliuliza.

"Baba Nenden naongea naye Kisunda. Nenden na Deden siku hizi wanaongea Kiindonesia, nami nawajibu hivyo. Sasa Nenden kahama. Bado ni nyumbani kwangu?"

Meyske akamtazama Galuh. Galuh aliandika kitu, akakikata.

"Jibu unavyoona," alisema.

Oyoh alichagua Kisunda. Akachagua Kiindonesia. Kisha akakumbuka swala tano na dua za asubuhi, ambazo nazo alizisemea nyumbani, na kwa kuwa swali liliuliza anachozungumza na halikuuliza na nani, akachagua Kiarabu. Simu ikatulia kidogo. Halafu maandishi yote yakahamia upande wa kulia, kama Kiarabu kinavyosomwa, zile picha nne zikatokea zimegeuka mpangilio, na Piga ikawa mahali ambapo Msaada ilikuwa.

Wale wawili waliinama kwa pamoja, vichwa vikagongana.

"Hilo hatukulifikiria," alisema Meyske.

Galuh alimgeukia Oyoh taratibu. "Ibu, niambie kweli. Hapa umepotea?"

Oyoh aliitazama simu kwa muda mrefu. Alikuwa amejibu swali kama lilivyoulizwa, na hakuna alichodanganya. Wala hakujua Piga iko wapi.

"Sijui, Pak Galuh," alisema. "Nyie mnaonaje?"

Galuh alibaki ameshika kalamu. Meyske aliinuka, akasema anakwenda kumwambia Wiwin alete chai, na Oyoh akaanza kubonyeza, pole pole, kutoka kulia.